Kama Ungali Hai, Jitokeze

Fomu ya shule ya Tunu ina visanduku viwili:
mama yu hai, mama ni marehemu.
Mwaka wa kwanza nilitia tiki kwenye hai.
Mwaka wa pili niliacha wazi, ikarudishwa
kwa wino mwekundu: Mzazi, jaza.
Mwaka wa tatu Tunu alichukua rula
akachora cha tatu, pembeni, kidogo kama punje ya mtama.
Hakukipa jina.

Usiku ule Mkulumuzi ulipanda ukavuka daraja la miti.
Watu kumi na mmoja mlikuwa mnatoka zamu.
Wanane tuliwapata, tukawazika.
Ripoti ikaandika: waliopotea, watatu.
Nikaikodolea macho ile tatu
kama mtu aliyeshika picha ya darasa,
nikitafuta yupi ni wewe.

Kupotea! Hapa Ngamiani neno hilo ni salamu.
Usipoonekana barazani siku nne tu
mtu atakupigia kelele ng'ambo ya barabara:
Umepotea sana wewe!
Nawe utacheka, utasema, Nipo, kazi tu.
Mwanjaa,
umepotea sana.

Saccos wanasema akiba ni ya mwanachama.
Aje mwenyewe na kitabu, au aje mrithi na cheti cha kifo.
Wa cheti wanasema hakitoki bila mwili.
Mwili nimeuomba mtoni. Mto hauna kaunta.

Shehe akaniambia, Wewe mwanamume, Kihiyo,
huna eda ya kukaa.
Dada yako akaniambia, Siku utakayomwita marehemu
utakuwa umemuua wewe, si maji.
Nami niko Tanga, sijaweka matanga;
yasiyowekwa yataanuliwaje?

Hata lugha inanigomea.
Mwanjaa anapenda ndimu kwenye uji, au alipenda?
Nikisema "ana", wenzangu hutazama chini.
Nikisema "ali", Tunu hutoka chumbani.
Nimejifunza kusema "hu": Mwanjaa hupenda ndimu.
"Hu" haiulizi nani wala lini.

Ilipotimia miaka mitano nikaenda mahakamani
na kiapo, na barua ya mtaa,
na majirani wawili wenye kofia zilizopigwa pasi.
Hakimu akaagiza tangazo gazetini.
Gazeti walitoza kwa neno. Karani akasema, tupunguze.
Nikakataa hata moja lisitoke:

*Mwanjaa binti Sefu wa Ngamiani, popote ulipo,
kama ungali hai, jitokeze ndani ya siku thelathini.*

Sijawahi kukuandikia barua. Tulioana mlango kwa mlango,
barua ya nini?
Nilinunua nakala tatu. Ya nne ilinijia wiki iliyofuata
imefungia bajia, mafuta yamefika kwenye jina lako.

Siku ya ishirini na tisa niliacha taa ya nje ikiwaka.
Ya thelathini pia.
Ya thelathini na moja nilikwenda kununua umeme.

Hukumu ilisomwa Jumanne.
*Anadhaniwa kuwa amekufa.*
Anadhaniwa! Kiswahili cha mahakama kina huruma kuliko changu.
Mahali pa tarehe ya kifo wameandika siku ile ile ya hukumu,
kwa hiyo kisheria ulikuwapo miaka yote mitano:
uliikuta homa ya Tunu, uliyakuta mabati mapya,
ulikula Idi tano na sisi,
ukafa asubuhi, saa nne na robo, feni ikizunguka,
si gizani, si peke yako.
Mimi nilikuwa pale, nimesimama, mikono nyuma.

Akiba imetoka. Fomu ya mwaka huu iko mezani.
Tunu anatafuta rula.